Chardin, mchoraji wa masufuria aliyefundishwa na sungura mmoja

Machi 2022, katika mnada mmoja mjini Paris, kikapu cha stroberi kiliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 24. Stroberi zenyewe si za kula. Zimechorwa kwa rangi za mafuta, zimerundikwa kama kichuguu chekundu, na pembeni yake kuna glasi ya maji, maua mawili meupe, cheri mbili na pichi moja. Picha nzima unaweza kuibeba kwapani. Aliyeinunua alikuwa mfanyabiashara wa sanaa kutoka New York, kwa niaba ya makumbusho moja ya Texas, na alikuwa tayari kulipa na kuondoka na mzigo wake.

Mzigo haukuondoka. Serikali ya Ufaransa iliitangaza picha ile kuwa hazina ya taifa, ikakataa kutoa kibali cha kuivusha nje, na makumbusho ya Louvre yakapewa muda wa kutafuta fedha. Louvre wakapitisha bakuli. Maelfu ya watu wa kawaida walichanga, kampuni tajiri zikajazia, na mwaka 2024 stroberi zikabaki Paris. Msomaji aliyewahi kulala mpakani akisubiri karatasi ya magunia ya vitunguu atauliza: ni matunda gani haya yanayozuiwa kuvuka kama vile ni dhahabu?

Yalichorwa mwaka 1761 na Jean Siméon Chardin, mtu ambaye maisha yake yote alichora vitu ambavyo wakubwa wa fani yake walivihesabu kuwa vya mwisho kabisa: sufuria, vitunguu, mayai, samaki, mkate. Kwa lugha ya darasani huitwa michoro ya vitu tuli, yaani vitu vilivyopangwa mezani vikatulia vichorwe. Jinsi alivyojifunza kazi hiyo, kwa kuchelewa na kwa njia ya mkato isiyokuwa na ufupi wowote, ndiyo habari yetu ya leo.

Chardin alizaliwa Paris tarehe 2 Novemba 1699. Baba yake alikuwa seremala hodari wa meza za biliadi, na wateja wake walifika hadi nyumba ya mfalme. Ilikuwa familia ya karakana: watu wanaojua mbao nzuri kwa kuigusa na wanaojua kwamba mteja hulipa anapoona kazi imenyooka. Kijana alipoonyesha kupenda kuchora, baba alimpeleka kwa mchoraji Pierre-Jacques Cazes, karibu mwaka 1718.

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Cazes alichora picha kubwa za hadithi za dini na za kale, lakini hakuwa na fedha za kuwalipa watu wa kukaa mbele ya wanafunzi ili wachorwe. Basi wanafunzi walinakili michoro ya mwalimu mchana, na jioni wakaenda kuchora miili katika Chuo cha Kifalme cha Uchoraji na Uchongaji. Chardin alinakili na kunakili. Alitoka pale akijua mkono wa Cazes unavyochora pua, lakini hajui pua ilivyo.

Ni lazima tueleze kidogo hali ya soko la picha wakati huo, maana bila hivyo huwezi kuona alikuwa anaingia wapi. Katika chuo cha mfalme picha zilipangwa kwa madaraja. Juu kabisa palikuwa na picha za historia, dini na miungu ya Wagiriki. Chini yake picha za sura za watu, kisha maisha ya kila siku, mandhari na wanyama. Mwisho wa mstari palikuwa na matunda na vyombo vya jikoni. Daraja liliamua heshima, cheo na bei. Ili ufike juu ulitakiwa kujua historia, Kilatini kidogo na mwili wa binadamu kwa kichwa. Chardin hakusomeshwa hayo, na baadaye alisikitika hadharani kwamba hakuyapata.

Somo lake la kwanza la kweli alilipata kwa bunduki. Mchoraji aliyeitwa Noël-Nicolas Coypel alikuwa akichora sura ya bwana mmoja aliyevaa mavazi ya kuwinda, akamwita Chardin amsaidie kuchora bunduki mkononi mwa bwana huyo. Kijana alidhani ni kibarua cha saa moja. Alishangaa kumwona Coypel akiipanga bunduki ile kwa makini sana, akiigeuza, akitazama mwanga wa dirisha unaangukia wapi, kisha akimtaka aichore ilivyo pale mbele yake, si kama anavyoikumbuka. Kwa Cazes hakuna aliyemwambia kwamba kitu kinaweza kutazamwa hivyo.

Kisha akaja sungura. Rafiki yake Charles-Nicolas Cochin, aliyeandika maisha yake baada ya kifo chake, anasimulia kwamba Chardin alipewa zawadi ya sungura aliyewindwa, akamwona mzuri, akataka kumchora. Mwanafunzi yeyote, wa wakati ule au wa leo, angeanza na manyoya. Angechukua brashi nyembamba na kuchora unywele mmoja baada ya mwingine, kama walivyofanya wachoraji wa Uholanzi waliosifiwa sana. Chardin aliona kwamba manyoya hayahesabiki, na hata akiyahesabu atapata ngozi, hatapata sungura. Akaamua kusahau kila picha ya sungura aliyowahi kuiona. Akamweka mbali kiasi kwamba unywele mmoja mmoja haukuonekana tena. Kwa umbali ule yalibaki mambo machache tu: umbo zima, uviringo wake, sehemu iliyopata mwanga, sehemu iliyo kivulini, na rangi ya kila sehemu ikilinganishwa na jirani yake. Hayo ndiyo akayachora. Manyoya yakatokea yenyewe.

Aliyewahi kushika penseli anajua ugumu wa jambo hili. Mkono unapenda kuanza na kile ambacho akili inakijua kwa jina: jicho, sikio, mpini wa sufuria. Jicho la Chardin lilifundishwa kungoja. Kwanza kipande chote cha giza na kipande chote cha mwanga, kwa kukodoa macho. Ndipo ukingo wa meza. Ndipo vitu vinapoanza kutengana na ukuta ulio nyuma yao. Jina la kitu huja mwisho. Anayeanza leo kwa chungu kimoja, dirisha moja na kipande cha mkaa anaweza kupita njia hiyo hiyo, na asishangae ikimla wiki nzima.

Mwaka 1724 baba alimlipia ada ya kuingia katika chama cha mafundi wachoraji wa jiji, kilichoitwa cha Mtakatifu Luka. Kilimpa leseni ya kazi lakini si heshima. Heshima ilikuwa katika chuo cha mfalme, na mlango wake ulipatikana barabarani.

Kila mwaka, katika Sikukuu ya Mwili wa Kristo, vijana wasio na jina walitundika picha zao hewani kwenye uwanja wa Place Dauphine, karibu na daraja la Pont Neuf. Maonyesho yalidumu saa chache za asubuhi tu. Watu walipita, wakatazama, wakasema walilosema, na jioni uwanja ulikuwa mtupu. Kila mwenye kupanga mali yake chini kabla jua halijawa kali anaielewa asubuhi ya namna hiyo. Mwaka 1728 Chardin alileta picha kadhaa, mojawapo ikiwa ya samaki aina ya taa.

Picha hiyo ipo Louvre hadi leo na inatisha kidogo. Taa ametundikwa kwenye ndoano, tumbo limepasuliwa, utumbo unang'aa mwekundu, na upande wa chini wa samaki huyo, kama wanavyojua wavuvi wetu wa pwani, una kitu kinachofanana na uso wa mtu anayelia. Kushoto, paka mdogo amekunja mgongo amesimama juu ya chaza. Kulia kuna jagi, sufuria, na kisu ambacho mpini wake unatokeza nje ya meza kuelekea kwako. Hakuna mtakatifu, hakuna mfalme, lakini waliopita pale walisimama.

Wajumbe wa chuo walimshauri aombe kuingia. Cochin anasimulia ujanja mmoja wa siku hiyo ambao Chardin aliupanga kwa adabu zote. Alizitundika picha zake katika chumba cha nje, kama kwa bahati, yeye akakaa chumba kingine. Akapita Nicolas de Largillière, mzee aliyekulia Antwerp na aliyezijua vizuri picha za Flanders, akazitazama na kuzisifu, akidhani ni kazi ya bingwa fulani wa huko. Mwalimu wake wa zamani, Cazes, naye akadanganyika vivyo hivyo. Walipoambiwa kwamba mwenye kazi ni kijana aliye chumba cha pili, hapakuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Tarehe 25 Septemba 1728 alikubaliwa na kupokewa siku ile ile, jambo lisilo la kawaida. Kitabu cha chuo kilimwandika kuwa mchoraji mwenye kipaji cha wanyama na matunda. Aliingia ndani, ila kwa daraja la chini.

Miaka iliyofuata aliishi na vyombo vyake. Vinajirudia katika picha mpaka unavizoea kama majirani: sufuria ya shaba, kinu na mchi, pipa la shaba la maji, kikombe cha fedha. Alifanya kazi polepole mno, kitu chenyewe kikiwa mbele ya macho, na karibu hakutumia michoro ya maandalizi kwenye karatasi. Picha zake zinazojulikana leo ni kama 200 tu, idadi ndogo kwa mtu aliyeishi miaka 80. Picha iliyopata soko aliirudia mara mbili au tatu kwa wateja wengine, na sioni sababu ya kumlaumu kwa hilo. Fundi wa meza za biliadi naye hakutengeneza meza moja tu.

Tatizo la uchumi lilibaki pale pale. Tukio moja linasimuliwa la rafiki yake Joseph Aved, mchoraji wa sura. Bibi mmoja alitaka achorwe kwa livre 400, Aved akaona ni kidogo, akakataa. Chardin, aliyezoea malipo madogo, akamwambia kwamba livre 400 si fedha ya kutupa. Aved akamjibu kwa kejeli kwamba ingekuwa hivyo kama sura ya mtu ingekuwa rahisi kuchora kama soseji. Wakati huo Chardin alikuwa akichora soseji kwenye sahani. Maneno yalimchoma. Kuanzia karibu mwaka 1733 alianza kuchora watu: mpishi, dobi, mtoto anayepuliza povu la sabuni, mama anayewafundisha watoto sala kabla ya kula.

Hapo fedha ikaanza kutembea. Mwaka 1740 alifikishwa mbele ya Mfalme Louis wa Kumi na Tano akamkabidhi picha mbili. Balozi wa Uswidi alinunua, mwanamfalme wa Liechtenstein naye alinunua, na baadaye Katerina wa Pili wa Urusi akaagiza. Lakini kilichomfikisha mbali zaidi ni chapa. Mafundi walichonga picha zake kwenye mabamba ya shaba, zikachapwa kwenye karatasi na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Picha moja ya mafuta ilikaa ukutani kwa tajiri mmoja. Chapa zake zilivuka mipaka ya Ulaya zikiwa zimekunjwa ndani ya vifurushi.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Alikuwa amemwoa Marguerite Saintard mwaka 1731, wakapata mtoto wa kiume, Jean-Pierre, kisha wa kike. Mke alifariki mwaka 1735, na binti hakuishi muda mrefu baada yake. Mwaka 1744 alioa mjane mwenye uwezo, Françoise-Marguerite Pouget, na shida ya fedha ikaisha. Alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 alirudi kwenye meza yake ya vitu tuli.

Chuo nacho kilimwona ni mtu wa kuaminika. Mwaka 1755 alifanywa mweka hazina, akazikuta hesabu zimevurugika baada ya aliyemtangulia kula fedha za watu. Alizinyoosha, akakaa kwenye kazi hiyo hadi 1774. Pia alipewa kazi ya kutundika picha katika maonyesho makubwa ya Louvre. Ni kazi ya fitina, maana kila mchoraji anataka picha yake iwe usawa wa macho na hakuna anayetaka kukaa karibu na dari.

Akiwa katika kazi hiyo, mwaka 1765, alimwomba mwandishi Denis Diderot awe mpole katika kuwahukumu wachoraji, na akamweleza kwa nini. Diderot aliyaandika mazungumzo hayo, nayo ni maelezo bora kabisa yaliyobaki ya jinsi mtu alivyofundishwa kuchora enzi hizo. Mtoto wa miaka saba au minane anapewa kalamu ya chaki. Ananakili kutoka kwenye karatasi: macho, midomo, pua, masikio, halafu miguu na mikono. Mgongo unapinda juu ya jalada la michoro kwa miaka. Kisha anawekwa mbele ya sanamu za plasta za Wagiriki na Warumi, na wengi hapo hutoa machozi. Kisha mtu mzima aliye hai, ambaye anaonekana kufuta yote aliyojifunza kwenye plasta, kwa sababu mwili unapumua na plasta haipumui. Akifika miaka 19 au 20 anaambiwa aonyeshe alichonacho, na wengi hawana kitu. Miaka imekwisha, na kazi nyingine hawakujifunza. Wachache wenye bahati ndio ambao picha zao mbaya zinafika ukutani. Wabaya zaidi hawakufika popote.

Nadhani alikuwa anazungumzia nyumbani kwake. Ngazi ile ambayo yeye hakuipanda vizuri, alimpandisha mwanawe. Jean-Pierre alisomeshwa awe mchoraji wa historia, daraja la juu, kila kitu ambacho baba alikikosa. Mwaka 1754 alishinda tuzo kuu ya chuo na baadaye akapelekwa Roma kwa gharama ya mfalme. Haikuzaa matunda. Baba na mwana waligombania urithi wa mama. Mwaka 1762 kijana alitekwa na maharamia wa Kiingereza karibu na pwani ya Genoa. Siku zile za mazungumzo na Diderot alikuwa na miaka 33 na hakuna picha yake iliyozungumzwa na mtu. Baadaye alikwenda Venice, na alikufa kabla ya baba yake.

Picha za miaka hiyo ndizo zilizo kimya kuliko zote. Kikombe cha fedha kilichopo Louvre, cha karibu mwaka 1768, kimezungukwa na matofaa matatu, chestinati mbili na bakuli lenye kijiko. Hiki ndicho kilele cha somo lililoanza kwa sungura, na anayejifunza kuchora angefaidika kuangalia fedha ile inavyotengenezwa. Hakuna rangi ya fedha pale. Kuna kahawia, kijivu, doa jeupe, na wekundu wa tofaa lililo jirani umeingia ndani ya kikombe. Fedha ni kile inachokipokea kutoka kwa wenzake mezani. Mwanafunzi wa mwanzo huchora matofaa kisha kikombe, kila kimoja na mipaka yake. Chardin wa miaka karibu 70 alichora mwanga mmoja unaopita katikati ya vyote.

Stroberi za 1761 ni kazi ya mkono huo huo. Rundo lote ni umbo moja jekundu, kama alivyomwona sungura kwa mbali, na ni chache tu zilizochorwa mojamoja.

Mwishowe rangi zilimdhuru. Madini ya risasi yaliyochanganywa ndani yake yaliyachosha macho, mafuta yakawa hayavumiliki, na mzee akageukia chaki za rangi, namna ya uchoraji ambayo hakuwa na jina nayo. Alianza upya akiwa na zaidi ya miaka 70. Alijichora mwenyewe mwaka 1771 akiwa amevaa miwani, tena mwaka 1775 akiwa na miwani, kilemba na kikinga-macho, kama mzee aliyetoka kitandani kutazama nani anabisha. Katika maonyesho ya 1779 alileta kichwa cha kijana mtumishi. Madame Victoire, binti wa mfalme aliyekuwa amefariki, aliipenda na kutaka kujua bei yake. Akampelekea kisanduku cha ugoro cha dhahabu. Tarehe 6 Desemba mwaka huo Chardin akafariki katika makazi yake ya Louvre.

Kisha bei ikaanguka. Wakati wa mapinduzi na baada yake Ufaransa ilitaka picha za mashujaa wenye panga, na sufuria za Chardin ziliuzwa kama vyombo vilivyotumika. Mmoja aliyezikusanya ni daktari wa Paris, Louis La Caze, na mwaka 1869 alipofariki aliiachia Louvre mkusanyo wake wote. Chumba kikajaa. Katika miaka ya 1890 kijana mmoja kutoka kaskazini, Henri Matisse, alikuja na ubao wake akasimama mbele ya yule samaki taa anayelia, akaanza kumnakili. Alimrudia kwa miaka kadhaa.